Tangazo Nililokuwa Nikiwasomea Watu

Ninyi mnaokalia meza zetu sasa, mlioniaga kwa keki na vitenge na kuniita mama wa kompyuta wa ukanda wote wa ziwa, mliniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi. Nimeandika. Nimetumia daftari la mistari mipana kwa sababu mkono wangu si wa shule. Niliishia darasa la nne kule Mkumbi. Habari ya mtu aliyeanza na ufagio akaishia kwenye kiti cha msimamizi mlishaisema wenyewe kwenye hotuba zenu, tena mkaipamba. Mimi naandika ile ambayo hamkuisema kwa sababu hamkuijua. Someni taratibu, na msiruke kurasa.

Nilishuka ziwani kwa kuolewa. Mume wangu alikuwa mvuvi, na alipofariki nikabaki na watoto watatu, mkubwa wao Bosco. Kituo chetu hiki cha kompyuta kilikuwa ndiyo kinaanza, kikawa kinatafuta mtu wa kufagia na kuchemsha chai. Wiki niliyoanza ndiyo wiki lori lilipoleta kompyuta zilizokwisha kutumika, zimefungwa kwenye maboksi ya biskuti, na nyuma ya lori akashuka fundi Hyera wa Songea. Alikuwa mtu mwembamba, mgumu kucheka, bisibisi iko mfuko wa shati mahali ambapo wengine huweka kalamu. Nikaziona mashine zina vumbi, nikachota maji. Alinikuta nimeshalowesha kitambaa, akaniondolea ndoo mkononi, akaiweka nje kabisa, upande wa pili wa uwanja. Kisha akarudi akaniambia, "Mama Bosco, hizi hazioshwi." Akanipa brashi ya kupakia rangi na kunionyesha namna ya kufungua ubavu wa mashine.

Kwa hiyo nilianzia kwenye uchafu. Yeyote kati yenu anayeona aibu kufuta vumbi hataijua mashine. Pale kwetu adui alikuwa nkungu, wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama moshi. Mimi nilizoea kuwakusanya na kuwapika mkate wao. Fundi Hyera alinionyesha walivyojaa kwenye feni ya mashine mpaka feni ikasimama na mashine ikazimika kwa joto. Nikawatoa kwa brashi, kikombe kizima. Aliniuliza kama hao nao huliwa. Nikamwambia hao wameshapikwa. Nadhani siku hiyo alitaka kucheka.

Baada ya feni akanifundisha kubadilisha betri ndogo ya saa, kisha diski, kisha akaanza kunifundisha kuweka Linux. Alinieleza kwamba mfumo huo hutolewa bure, mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuunakili na kumpa jirani, na kwamba flashi za pale stendi zenye virusi haziusumbui sana. Amri zake niliziandika kwenye karatasi nikazibandika ukutani nyuma ya birika. Sikuzijua maana. Nilizijua kwa sura, kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kisimani. Ninachotaka mshike hapa ni hicho: nilijua sura ya maneno, na watu wakadhani najua maneno. Mimi nikawaacha wadhani.

Tatizo la kwanza lilikuja na wana kwaya. Tuliwawekea Linux kwenye mashine yao, wakaenda nayo, kesho yake wakarudi nayo wameibeba kwenye tenga. Mashine ilikuwa haiimbi. Ilikuwa inawaka vizuri, inaandika barua, inafanya hesabu, lakini nyimbo zao haiwezi kuzicheza, na video ya jubilei inaonyesha giza. Mwenyekiti wa kwaya akasema mmetupa bubu.

Fundi Hyera alituketisha wote, wana kwaya na mimi na birika langu, akatueleza. Alisema ziko njia nyingi za kufungasha wimbo au video ndani ya kompyuta, na baadhi ya njia hizo zina wenyewe. Wanazo hataza, yaani haki ya kusema nani atumie na nani asitumie. Katika nchi nyingine kuzitumia bila ruhusa ni kosa. Halafu ziko diski za filamu zilizofungwa kwa kufuli, na katika nchi nyingine kulifungua kufuli hilo ni kosa hata kama diski umeinunua kwa pesa yako. Sasa wanaotengeneza Linux wanaigawa dunia nzima, hawajui itafika kwa nani, kwa hiyo vifurushi hivyo hawaviweki ndani. Wanaviweka ghala la pembeni. Wewe mwenye mashine unakwenda kuvichukua mwenyewe, na kabla hujapewa unasomeshwa tangazo.

"Wao hawakukatazi," alisema, "ila hawakubebei."

Mimi nilielewa upesi kuliko wana kwaya. Nimekulia kwenye kahawa. Kule Mkumbi tulichambua punje, safi zinakaa huku, zile zenye shaka zinakaa kule, na mnunuzi anaambiwa hili ni fungu gani. Nikamuuliza kama kwa hapa Tanzania jambo hilo linakatazwa. Akaniambia, "Mimi si mwanasheria, mama. Ndiyo maana simfichi mwenye mashine."

Akatuwekea utaratibu wa kituo, na utaratibu huo ndio huu mnaouona ukutani hadi leo. Mashine ya mtu binafsi iwekewe mfumo safi kwanza. Kisha mwenyewe aitwe, asomewe tangazo kwa lugha anayoielewa, na akikubali, abonyeze yeye kwa kidole chake. Mashine ambazo kituo kinazigawa, kama za shule, ziende safi hivyo hivyo, na karatasi ya maelezo ndani ya boksi, ili mpokeaji aamue huko kwake. Alisema mtu akijiwekea ni yake, lakini kituo kikiweka na kugawa, kituo ndicho kimekuwa mgawaji, na waliotupatia mashine walituandikia wazi kwamba tusigawe tusichoruhusiwa kugawa.

Lile tangazo lilikuwa la Kiingereza. Linatokea kwenye kioo katikati ya kazi, kisanduku cha kijivu kilichojaa maneno, na kipanya kinakuwa hakifanyi kitu. Watu wengi walikwama hapo wakadhani mashine imekufa. Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha Tab mpaka rangi ihamie kwenye neno la kukubali, kisha Enta. Hiyo niliijua vizuri. Tangazo lenyewe fundi alinisomea kwa Kiswahili mara moja, haraka haraka, gari la Songea likiwa linampigia honi. Akaniuliza kama nimelishika. Nikamjibu nimelishika.

Nilikuwa nimeshika maneno matatu. Ningeweza kumwambia arudie, au kuyaandika. Sikufanya hivyo kwa sababu wana kwaya walikuwa wamesimama pale wananitazama, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kuniita fundi.

Wa kwanza kuniuliza alikuwa katekista mmoja mpole. Tangazo likatokea, akainama kulitazama, akasema, "Linasemaje, mama?"

Nikamwambia, "Linasema subiri, kazi inaendelea."

Akasubiri. Mimi nikabonyeza. Nyimbo zake zikacheza, akanishukuru, akaniletea ndizi. Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo ikawa tafsiri yangu. Waliokuja wote waliambiwa linasema subiri. Mzee mmoja wa Lundu alitii kiasi kwamba nilikwenda kugeuza maharage jikoni, niliporudi nikamkuta bado amekaa mikono magotini, anasubiri, hajathubutu hata kukohoa. Nilicheka wakati ule, na ninyi msicheke. Mzee yule alikuwa anaulizwa jambo, na mimi nilimwambia haulizwi kitu.

Alikuja pia mwalimu wa sekondari, kijana msafi. Yeye alilisoma tangazo lote kwa macho, nikamwona midomo inatembea. Mimi nilikuwa nimeshamwambia linasema subiri. Akanitazama. Nikamtazama. Akasema, "Haya, mama," akabonyeza mwenyewe, akaaga kwa heshima akaenda zake. Huku kwetu mtu mzima hasahihishwi mbele ya watu. Nililijua hilo na nikajificha nyuma yake kama nyuma ya ukuta. Nilikaa miaka nyuma ya ukuta huo.

Kisha akaja Gaudensia. Alitoka Mkumbi kama mimi, tena kitongoji cha jirani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye watoto wawili, amemaliza kidato cha nne. Kituo kilimwajiri asaidie kujaza fomu, maana fomu zilikuwa zimezidi na zote za Kiingereza. Alikuwa na sauti ndogo na mwandiko wa kupendeza. Siku ya kwanza tu alimkalisha mteja, akalisoma tangazo neno kwa neno, akageuza kila sentensi kwa Kiswahili. Mteja akauliza maswali. Gaudensia akajibu. Mteja akauliza tena. Foleni ikafika mlangoni. Mwishowe mteja akasema nyimbo ataweka, lile la kufungua kufuli la diski haliweki, na akaondoka ameridhika.

Nilimwambia mbele ya foleni, "Wewe umekuja kufanya kazi au kuhubiri?" Watu wakacheka. Baada ya hapo wengi wakapanga mstari kwangu kwa sababu kwangu kulikuwa na haraka.

Alivumilia, halafu asubuhi moja, tukiwa wawili tu tunafuta vumbi, akasema kwa upole sana, "Mama, lile tangazo halisemi subiri."

"Nimelisoma kabla wewe hujajua kuvaa viatu," nikamjibu.

"Sawa, mama. Nisamehe." Akaendelea kufuta.

Aliniomba msamaha kwa kusema kweli, na mimi nilimpa huo msamaha.

Sasa nafika kwenye mashine za shule. Mnazijua, maana mbili kati yake zilirudi kwetu baadaye na bado ziko pale kona ya dirisha. Zilikuja mashine ishirini za kugawia shule, kuanzia Tingi mpaka huko chini Chiwanda karibu na mpaka. Pamoja nazo yalikuja masomo ya video, sayansi na hesabu, ambayo walimu waliyasubiri kwa hamu. Na video zile zilifungashwa kwa namna yenye mwenyewe. Mfumo safi haukuzionyesha.

Utaratibu ulikuwa wazi. Peleka safi, weka karatasi ndani ya boksi, mwalimu mkuu asome na aamue. Fundi Hyera alikuwa Songea, simu yake haipatikani. Lori la kusambaza lilikuwa linakuja baada ya siku mbili. Niliwaza walimu wakuu watakavyonipigia simu kwamba mashine hazionyeshi video, watakavyoniuliza karatasi ile ya Kiingereza inasemaje, na mimi nitakavyowajibu. Nikaona njia fupi. Nilichukua mashine moja nikaiwekea kila kitu, vya wimbo, vya video, vya kufuli, na kila tangazo lilipotokea nilibonyeza mimi. Kisha diski ile moja nikainakili kwenye kumi na tisa zilizobaki. Ukinakili, tangazo halitokei. Mashine inayozaliwa hivyo inaamka imeshakubali kila kitu, na mwenyewe hatajua kama aliwahi kuulizwa. Karatasi za maelezo nikaziacha kabatini. Nilijisifu, nawaambia kweli. Nilisema fundi akija ataona nimemzidi.

Fomu alijaza Gaudensia, maana mimi fomu sikuziweza. Kila mashine ilikuwa na fomu yake, na kila fomu ilikuwa na mstari unaouliza kama vifurushi vyenye masharti vimewekwa, na kama mpokeaji amesomewa na kukubali. Nilimwambia aandike wamesomewa.

Kalamu ikasimama. "Wamesomewa na nani, mama?"

"Na mimi."

"Lini?"

Nikamuuliza kama amekuja kituoni kunihoji. Akaandika. Fomu ishirini, mwandiko ule wa kupendeza, na jina lake chini ya kila moja, kwa sababu mjazaji ndiye anayesaini.

Ilipita kama miezi mitatu. Mkaguzi wa wale waliotoa mashine akafika, mwanamke mtaratibu wa Dar es Salaam, akatembelea shule moja moja. Hakugomba popote. Alifungua mashine, akaorodhesha vilivyomo, akamuuliza mwalimu mkuu kama alisomewa tangazo. Mwalimu mkuu wa kwanza akauliza tangazo gani. Wa pili naye hivyo hivyo. Alipofika Chiwanda hakuwa na haja tena ya kuuliza. Akaandika kwamba kituo kimegawa kisichoruhusiwa kugawa na kimeandika ridhaa ambayo haikutolewa, na kwamba mashine zote zirudi kusafishwa, la sivyo hazitaletwa nyingine.

Zikarudi kwenye lori lile lile. Kule Chiwanda, watoto walilisindikiza lori mpaka barabara kuu wakidhani mashine zimeharibika na zinapelekwa kutibiwa. Dereva ndiye aliyeniambia. Walikaa muhula mzima bila mashine.

Kamati ya kituo ikaitisha kikao. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ndomba, mtu wa haki, sasa ni marehemu, na alikuwa ananiheshimu sana. Aliweka fomu zile ishirini mezani. Mimi na Gaudensia tulikaa benchi moja. Alisoma jina lililo chini ya fomu, akalisoma tena kwenye nyingine, akauliza nani aliyebonyeza kukubali kwenye mashine hizi.

 Gaudensia aligeuza uso akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa ananipisha. Mtu mzima yupo, mtu mzima ataanza kusema, yeye atafuata. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo nilivyolelewa mimi.

Mimi nikatazama meza.

Mzee Ndomba akanigeukia. Akanisaidia, maskini, akidhani ananisaidia. "Mama Bosco, wewe tangazo lile unawasomea watu kila siku. Unalijua. Ungeweza wewe kukubali jambo la namna hii?"

Pale palikuwa na mlango. Ningesema tu, mzee, mimi tangazo lile sijawahi kulisoma, Kiingereza sikijui. Ingetosha. Gaudensia angebaki kazini, watoto wake wangebaki shuleni kwao, na mimi ningerudi kwenye birika, mahali nilipokuwa nimetoka na ambapo hapakuwa na ubaya wowote. Nikafikiria wana kwaya walioniita fundi. Nikafikiria Bosco, aliyekuwa anawaambia wenzake mama yake anasoma Kiingereza cha kompyuta.

Nikasema, "Nisingekubali."

Gaudensia akageuza uso akaangalia mbele. Alipoulizwa kama ana la kusema akasema hana. Wakamwondoa siku ileile. Alikunja kanga yake ya kukalia, akaniambia, "Baki salama, mama," akatoka. Kwenye kitabu cha kituo waliandika ameondolewa kwa kughushi ridhaa.

Fundi Hyera alikuja kuzisafisha mashine. Nami ndiye niliyempitishia bisibisi. Ninyi mnajua, Linux inaweka orodha ya amri ulizoandika, na hakuna aliyekuwa ameifuta. Alifungua ile mashine mama niliyonakilia nyingine, akakaa akiisoma orodha kutoka juu hadi chini. Amri zilikuwa ni zile zile za ukutani kwangu, kwa mpangilio uleule, na ziliandikwa kwenye akaunti yangu. Akazima kioo.

"Nimeona," akasema. "Kusema ni kwako, Mama Bosco. Siwezi kukubonyezea."

Siku zote akija kituoni alikula kwangu. Nilikuwa nimemwandalia samaki wa ziwani, mbasa, kwa ugali wa muhogo. Alisema ameshakula. Alimaliza mashine zote ishirini kwa siku nne, na siku zote nne alikuwa ameshakula. Baadaye alihamia Iringa, na hatukuonana tena. Alinisubiri siku nne, nami nikampitishia bisibisi.

Sitawaandikia kwamba nilikosa usingizi, maana nililala. Hiyo nayo ni aibu. Nilifanya kazi, nikapewa kiti cha Gaudensia kwa vile meza yake ilikuwa karibu na dirisha, na fomu nikawaachia waliokuja baadaye. Kilichobadilika ni kwamba kila tangazo lilipotokea sikuweza tena kusema subiri.  Nikaanza kuwaambia watu wamwite mwingine awasomee, nikisingizia miwani.

Mwishowe nikaamua kulisoma. Nilinakili tangazo zima kwenye karatasi, herufi kwa herufi, nikanunua kamusi kuukuu Mbinga mjini, nikawa natafuta neno moja baada ya jingine mchana baada ya kazi. Ilinichukua Kwaresima nzima. Kumbe ni tangazo la adabu kabisa. Linasema vifurushi hivi huenda vimewekewa mipaka na sheria ya nchi yako, linasema anayevitumia ahakikishe anaruhusiwa, na linauliza, unakubali? Lina alama ya kuuliza mwishoni. Miaka yote nilikuwa naiona alama ile nikidhani ni pambo.

Msimu wa kahawa uliofuata nilikwenda Mbinga kwa shughuli zangu, nikitumaini pia kumwona Gaudensia. Nilikutana naye nje ya duka la pembejeo, ana mfuko wa mbolea begani. Alikuwa amekonda, mikono ya mtu anayelima ngolo, yale mashamba ya mashimo mlimani, peke yake. Aliuteremsha mfuko chini ili anisalimie vizuri, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia, "Marahaba."

Akaniuliza habari za kazini, akawataja wote kwa majina. Kisha akauliza, bila fumbo, kama mtu anayetaka kujua tu, "Watu bado wanasomewa?"

"Wanasomewa," nikasema.

"Vizuri, mama."

Akajitwika mfuko. Nilikuwa nimekuja na maneno, nilikuwa nayo tangu kwenye gari, na nilikubali shikamoo yake nikarudi nayo ziwani pamoja na maneno yangu. Katika yote niliyoyafanya kazini, hiyo marahaba ndiyo inayoniumiza zaidi. Ile ya kwenye kikao niliisema kwa hofu. Pale dukani hapakuwa na mtu wa kuniogopesha.

Miaka ikapita, na mambo ya vifurushi yakabadilika, kama ninyi mnavyojua kuliko mimi. Hataza ya ile namna ya kufungashia nyimbo, MP3, iliisha muda wake, wakaitoa ghala la pembeni wakaiingiza ndani ya mfumo safi. Siku moja niliweka Linux mpya kwa kijana wa bodaboda, ikacheza wimbo wake hapo hapo bila kuuliza kitu. Alifurahi. Mimi nilikaa pale nimeshika kipanya. Video baadhi bado zina wenyewe, na kufuli za diski bado ni kufuli, kwa hiyo tangazo lipo na msiache kulisoma. Ila nilikuwa nimekaa najiuliza kwa nini jambo lenye hataza linapewa tarehe ya kuisha na langu halina.

Cheti mlichonipa siku ya kuniaga kimeandikwa "kwa uaminifu katika utumishi". Nimekirudisha ndani ya bahasha yake, kimo ndani ya daftari hili. Ninachotaka kwenu ni kitu kimoja. Kitabu cha kituo kifunguliwe pale palipoandikwa Gaudensia ameghushi ridhaa, pafutwe kwa mstari unaoonekana, juu yake paandikwe jina langu. Msikwangue karatasi. Mtu akisoma aone kulikuwa na nini na kimekuwa nini.

Bosco amelisoma daftari hili. Yeye ni mtu mzima mwenye mvi sasa. Akasema mama umeshastaafu, waliokuwepo wameshasahau au wameshakufa, utajiaibisha bure. Nikamwambia Gaudensia hajafa. Mke wake akapendekeza basi waende wao Mkumbi wamweleze kwa maneno mazuri, wamwombee mama msamaha, kwa sababu mama ni mzee na miguu inauma. Mjukuu wangu Skola akasema anaweza kufupisha, atoe yale makali abakize ya maana.

Nikawakusanya wote ukumbini kwangu, hata watoto, nikawaagiza hivi. Jumamosi mnanipeleka Mkumbi, miguu iume isiume. Tukifika, mtu asimwambie Gaudensia daftari hili linasema nini, wala asimweleze mama alikuwa na nia gani. Mpeni mkononi, mkae nje, mumwache asome mwenyewe. Akisema lisiende kituoni, haliendi mpaka aseme yeye liende.